Kicheko na Mahaba

Juma hili, katika kibanda cha video kisicho mbali na soko la Singida mjini, niliwaona wakubwa kwa wadogo wakiangua kicheko kwa filamu ya marehemu King Majuto, yule msanii wa Tanga aliyefariki mwaka 2018, na ilipofuata filamu ya mapenzi, yenye majumba ya fahari na machozi yasiyokatika, wengi wao wakatoka nje kunywa kahawa. Sikustaajabu, kwani kicheko hakikopeshwi, na huba ya kukariri haimhadai aliyepata kupenda. Majuto aghalabu aliigiza mtu tumjuaye, mzee mwenye hila na mwenye kupenda heshima. Hata katika mapenzi, filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, yanigusa kwa kuwa mahaba ya Yasmin na Denge yamefungamana na Unguja ya zama za ukoloni. Basi kwa insafu nasema: upungufu wa filamu zetu nyingi za mapenzi si fedha wala sura nzuri, bali ni maisha; mtungaji anayetaka machozi yetu atuonyeshe kwanza wapendanao wakivuna alizeti, wakisumbukia mahari na kulipa deni la mbegu.