Bandari ya Mangapwani Itahitaji Programu: Nani Ataziandika?

Mangapwani, kijiji cha Wilaya ya Kaskazini B Unguja kinachojulikana kwa chumba walimofichwa watumwa baada ya soko lao kufungwa mwaka 1873, kimo katika mpango wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wa kujenga bandari jumuishi. Ajira za bandari huhesabiwa zaidi kwa makuli, madereva na wachuuzi. Hata hivyo, bandari ya kisasa huendeshwa pia kwa programu za kompyuta: ratiba za meli, nyaraka za forodha, malipo na ufuatiliaji wa makontena. Programu hizo huandikwa, hujaribiwa na kurekebishwa na watu.

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na kati yao wanawake ni 974,281. Sekta ya TEHAMA ikiwaacha nje, itakuwa imeacha zaidi ya nusu ya watu.

Fursa zipo, ila ziko mbali na kijiji. Mpango wa Silicon Zanzibar, uliozinduliwa mwaka 2022 kuvutia kampuni za teknolojia, umeelekezwa Fumba, na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iko Tunguu. Msichana wa Mangapwani hulazimika kusafiri mbali kufika kokote kati ya sehemu hizo, na nauli ya kila siku pamoja na kazi za nyumbani zinazomsubiri jioni vinaweza kumkatisha masomo kabla ya mtihani wowote.

Kikwazo hicho kina dawa. Nchini Kenya, taasisi ya AkiraChix, iliyoanzishwa mwaka 2010, huwafundisha wasichana uandishi wa programu kwa mwaka mmoja wakiwa bwenini. Karibu zaidi, Chuo cha Barefoot cha Kinyasini kimewafundisha wanawake wa vijijini, wakiwemo wenye elimu ndogo ya skuli, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Walichohitaji ni mafunzo yaliyopangwa kulingana na maisha yao.

Mtaalamu wa programu haandaliwi kwa wiki chache. Mafunzo yakisubiri gati likamilike, kazi hizo zitachukuliwa na wageni, na wenyeji watabaki kuwa watumiaji. Yakianza sasa, kuanzia skuli za shehia jirani, bandari itawakuta mabinti wa Mangapwani wakiwa tayari.