Kadi ya kura mfukoni, chama hakionekani: Keshero na swali la nani anashika madaraka

GOMA – Ukisimamishwa njiani hapa Keshero na kuombwa kitambulisho, unatoa kadi ya mpigakura. Wakaaji wengi wa Goma hawana kingine. Kadi hiyo ilitolewa na tume ya uchaguzi, CENI, mwaka 2023, ili mwenye nayo achague watu wa kumwongoza. Tarehe 20 Desemba mwaka huo watu walipanga mistari na kuchagua. Miezi kumi na tatu baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliingia mjini, majeruhi wa risasi wakajazana katika hospitali ya hapa Keshero, na kadi ile ikabakiwa na kazi moja: kuonyesha jina na picha ya mwenye kuibeba.

Kiongozi wa muungano unaotawala mji leo, AFC/M23, ni Corneille Nangaa. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa CENI kuanzia 2015 hadi 2021. Hilo peke yake lingetosha kwa makala nyingine.

Swali la leo ni hili. Nchi yetu ina vyama vya kisiasa zaidi ya 900 vilivyoandikishwa kwenye wizara ya mambo ya ndani. Katika uchaguzi wa 2018 CENI ilikuwa na orodha ya vyama 599. Kwa nini basi, kutoka soko la Kituku mpaka barabara ya Sake, huoni hata kimoja pale madaraka yanaposhikwa kweli? Wengi watajibu haraka: ni vita. Mimi naona vita ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba katika Congo chama ni mara chache sana kimeshika madaraka kwa nguvu ya wanachama wake au ya mawazo yake. Kimeshika kwa dola, kwa hesabu ya wabunge, au kwa bunduki.

Chama kilichokuwa nchi

Wazee wa hapa wanakumbuka MPR. Mobutu aliianzisha mwaka 1967, na manifesto yake ikatolewa N'Sele mwezi Mei mwaka huo. Ilikuwa na itikadi ya wazi kuliko vyama vyetu vya leo: kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika, kuacha majina ya Kizungu, kuvaa abakosti, kuimba na kucheza kwa ajili ya taifa. Kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, akitaka asitake. Mkuu wa jimbo alikuwa pia mkuu wa chama katika jimbo. Hata kazi ya kusafisha mtaa, salongo, ilikuwa kazi ya chama.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja. Miaka saba baadaye AFDL ilivuka nchi kutoka huku kwetu Kivu hadi Kinshasa, na katika njia yote hiyo ndefu hawakuonekana wanachama wa MPR waliosimama kukitetea chama chao. Mamilioni ya wanachama, na hakuna hata mmoja! Ndivyo inavyokuwa pale chama kinapokuwa na dola badala ya watu. Dola ikienda, kinaenda nayo.

Waliotunga katiba ya 2006 walilikumbuka hilo. Ibara ya 7 inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kuweka chama kimoja katika nchi nzima au katika sehemu yake, na kwamba kufanya hivyo ni uhaini mkubwa ambao hesabu yake haipitwi na wakati. Maneno «au katika sehemu yake» ninayasoma kwa makini zaidi siku hizi.

Hesabu iliyogeuka ndani ya wiki chache

Ukitaka kuona chama kinavyoshika madaraka bila risasi, angalia Kinshasa kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021.

Baada ya uchaguzi wa 2018 Félix Tshisekedi alikuwa rais, lakini chama chake UDPS kilikuwa na viti 32 tu katika bunge la watu 500. Zaidi ya viti 300 vilikuwa vya FCC, muungano wa Joseph Kabila. Waziri mkuu, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, alitoka upande huo. Tarehe 6 Desemba 2020 rais alitangaza kuvunja ushirikiano. Siku nne baadaye spika Jeanine Mabunda aliondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Modeste Bahati Lukwebo, mtu wa Kivu Kusini, akapewa kazi ya kutafuta wingi mpya, na akasema amewapata wabunge 391. Mwishoni mwa Januari 2021 Ilunkamba aliangushwa kwa kura 367. Aprili, serikali ya Sama Lukonde ilipitishwa kwa kura 410.

Soma tena hesabu hizo. Hakukuwa na uchaguzi katikati. Wabunge walikuwa wale wale waliochaguliwa na watu wale wale, wengi wao wakiwa wamesimama kwa jina la Kabila. Ibara ya 110 ya katiba inasema mbunge anayekiacha chama chake kwa hiari yake amejiondoa bungeni. Lakini Mahakama ya Katiba, mwanzoni mwa 2021, ilitoa tafsiri inayompa mbunge uhuru wa kujiunga na wingi mwingine, na mlango ukafunguka. Union Sacrée ilizaliwa hivyo.

Je, watu zaidi ya mia mbili walibadili itikadi wakati wa Noeli? Bila shaka hapana. Hawakuwa na ya kubadili. UDPS inasema inafuata demokrasia na maendeleo ya jamii, PPRD ya Kabila ikajiita ya kijamii na kidemokrasia, UNC ya Vital Kamerhe pia iko katika njia hiyo. PALU ya mzee Antoine Gizenga, iliyojinadi kama mrithi wa Lumumba na ujamaa, ilikubali mwaka 2006 kuingia katika serikali ya Kabila, na Gizenga akawa waziri mkuu. Kamerhe mwenyewe alikuwa katibu mkuu wa PPRD kabla ya kuanzisha UNC mwaka 2010, akamuunga mkono Tshisekedi 2018, na mwaka 2024 akakaa kwenye kiti cha spika. Simlaumu yeye peke yake. Barabara aliyopita imejaa nyayo.

Sheria ya uchaguzi nayo inasukuma watu upande huo. Tangu 2018 orodha ya chama au ya muungano wa vyama haipati kiti katika bunge la taifa kama haikufikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Unaweza kupendwa na Keshero nzima, Ndosho na Mugunga wakakupigia kura, halafu ukakosa kiti kwa sababu orodha yako haikupata kura za kutosha Kikwit au Mbandaka. Kwa hiyo mwenye akili hachagui chama chenye mawazo yake. Anatafuta muungano utakaofikisha hiyo asilimia 1, na muungano huo una mwenyewe, kwa kawaida akiwa Kinshasa. Mwaka 2023 ada ya kila mgombea ilikuwa franka 1.600.000 isiyorudishwa. Mwenye kukulipia hiyo ndiye utakayemsikiliza ukifika bungeni. Sheria ya 2008 inasema serikali isaidie vyama kwa fedha za umma, lakini kwa wanasiasa wengi ninaozungumza nao hiyo ni karatasi tu.

Matokeo ya 2023 yalifuata njia hiyo. UDPS ikapanda kutoka viti 32 hadi 69, na karibu vingine vyote vilivyopita vizuri vilikuwa chini ya mwavuli wa Union Sacrée. Chama cha rais hakina hata sehemu ya tano ya bunge, lakini bunge ni lake.

Goma imekwisha kuona hii

Turudi nyumbani, maana huku kwetu ndiko ile njia ya tatu ilikojaribiwa zaidi.

Agosti 1998 RCD ilizaliwa hapa Goma, ikisaidiwa na Rwanda. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa historia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama kulikuwa na mtu wa mawazo katika harakati zile, alikuwa yeye. Hakumaliza mwaka. Mei 1999 aliondolewa, akaenda Kisangani na kipande chake, na hapa akabaki Emile Ilunga, kisha Adolphe Onusumba, kisha Azarias Ruberwa. Tangu hapo tukasema RCD-Goma, ili kuitofautisha na zile nyingine.

RCD-Goma ilikuwa na kila kitu ambacho chama kinatamani: jeshi, kodi, mpaka, gavana. Mwaka 2003, baada ya makubaliano ya Sun City, iligeuka chama cha kisiasa na Ruberwa akawa mmoja wa makamu wanne wa rais. Halafu ikaja siku ya masanduku, Julai 2006. Ruberwa, akiwa mgombea urais, hakufikisha hata asilimia 2 nchini kote, na chama kikapata viti 15 kati ya 500. Wapigakura wa Kivu Kaskazini, waliokuwa chini ya RCD karibu miaka mitano, walimpa Kabila kwa wingi.

Sioni kuwa watu walikataa programu ya RCD. Hawakuijua. Walikijua kizuizi cha barabarani, kodi ya kizuizini, na vijana wao waliochukuliwa.

Jambo hilo halikuwazuia wengine kupita pale pale. CNDP ya Laurent Nkunda ilisaini makubaliano na serikali hapa Goma tarehe 23 Machi 2009, na moja ya vifungu ilikuwa kuigeuza chama cha kisiasa. Tarehe hiyo ndiyo iliyotoa jina M23, waliposema mwaka 2012 kwamba makubaliano hayakuheshimiwa. Walishika Goma siku kumi na moja Novemba 2012, wakaondoka, wakashindwa 2013, wakarudi mwishoni mwa 2021. Tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya uchaguzi, Nangaa alitangaza AFC mjini Nairobi, na Bertrand Bisimwa wa M23 akiwa pamoja naye.

Safari hii kuna jipya: wanajishughulisha na itikadi. Viongozi wao wanazungumza juu ya shirikisho, kila jimbo lijiendeshe. Wakuu wa mitaa na watumishi wamepelekwa kwenye mafunzo ya itikadi. Salongo imerudi kila Jumamosi asubuhi, maduka yakifungwa mpaka kazi iishe. Shirikisho si wazo baya lenyewe, wala si geni: lilijadiliwa katika nchi hii tangu kabla ya uhuru 1960. Tatizo ni namna linavyojadiliwa. Mwenye kupinga shirikisho hapa Keshero atapanda jukwaa gani, kwa chama gani? AFC/M23 haijatangaza chama kimoja. Lakini mimi, ninayeishi kwa kuuliza watu maswali, naona ni nani anajibu kwa sauti na ni nani anatazama kwanza nyuma yake.

Haki idai pia tuseme upande wa pili. Kabla M23 haijaingia, Goma haikuwa bustani ya demokrasia. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini ilikuwa chini ya etat de siege, ikiongezwa siku kumi na tano baada ya siku kumi na tano. Gavana aliyetokana na kura za bunge la jimbo, Carly Nzanzu Kasivita, alipisha jenerali, na bunge la jimbo likasimamishwa kazi. Kwa hiyo mkaaji wa hapa ana zaidi ya miaka minne bila kiongozi wa jimbo aliyetokana na kura yake, na Kinshasa ndiyo iliyoanza. Aprili 2025 serikali ilisimamisha shughuli za PPRD, na Septemba mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu Kabila kifo bila yeye kuwepo. Unaweza kumchukia Kabila na bado ukajiuliza chama kingine kitafuata lini.

Mazungumzo ya Doha yanaendelea tangu tamko la Julai 2025. Yakifika mwisho, nategemea kifungu tunachokijua kwa moyo: harakati itageuka chama. Kilikuwepo 2003, kikawepo 2009. Hapo itabidi wajibu maswali ambayo RCD haikuyajibu: wanachama ni akina nani, fedha zinatoka wapi, na je, mtu wa Kituku anayechota maji ziwani kwa bidoni atapata nini kwa kuwachagua akiwa huru kutowachagua.

Katiba inapanga uchaguzi ujao Desemba 2028. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura 2023 kwa sababu ya vita. Wakaaji wake waliokuwa kambini pembeni ya Goma walitazama wengine wakipanga mstari. Wakati huo hapa Keshero tuliwaonea huruma. Hali ikibaki hivi, 2028 tutakuwa kwenye orodha moja nao.