Rasiberi Isiolo? Jaribu mforosadi

Kama unaishi Isiolo na umetamani kupanda rasiberi nyuma ya nyumba, nisikilize kabla hujatoa pesa. Kosa hilo mimi nimeshalilipia.

Tunda lenyewe ni tamu, hakuna ubishi. Lakini Timau, ambako baridi hukulazimisha kuvaa sweta, ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Isiolo ni kama mita 1,100 tu. Asili ya rasiberi ni nchi za baridi. Aina nyingi huchipuza vijiti mwaka wa kwanza, vikapumzika wakati wa baridi, kisha vikazaa mwaka wa pili na kufa. Hapa kwetu baridi hiyo haipo. Mizizi yake pia iko juujuu, haistahimili udongo unaochoma nyayo wala maji ya kisima yenye chumvi.

Mimi nilipanda vijiti sita mwaka wa 2022, ukame ukiwa umepamba moto. Kila jioni niliwamwagia mtungi mzima wa lita 20, maji ya kununua! Majani yakakauka kuanzia pembeni. Mama alipotutembelea kutoka Garba Tulla alisimama akanitazama, kisha akasema polepole, "Mwanangu, mbuzi wangu wamekufa kwa kukosa maji kama hayo." Sikuwa na la kumjibu. Vijiti navyo vilikufa bila kutoa hata ua.

Sasa nina mforosadi, ule ambao wengi huuita malberi. Matunda yake yanafanana sana na rasiberi nyeusi, ingawa huu ni mti kamili. Ukishashika mizizi hustahimili joto na kiangazi. Pale Thika watafiti wa hariri huupanda kwa sababu majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri.

Huhitaji kununua mche. Omba tawi lililokomaa kwa jirani, unene wa penseli, ukate kipande cha sentimita 20 hivi chenye macho matatu au manne. Kizike thuluthi mbili, macho yakitazama juu, katika mfuko wa udongo uliochanganywa na samadi, ukiweke kivulini. Usidanganywe na majani ya mapema. Kipande huchipua kabla ya kuwa na mizizi. Subiri miezi mitatu. Uhamishe mvua zinapoanza, Machi au mwishoni mwa Oktoba, kwenye shimo la sentimita 60 kila upande. Katika mwaka wa kwanza, maji ya kusuzia vyombo na mboga yanatosha kuutunza, mradi hayana dawa ya kung'arishia nguo. Tandaza nyasi kavu shinani.

Adui mkubwa ni mbuzi wa mtaani, maana majani hayo kwao ni karamu. Zungushia matawi ya miiba. Adui wa pili ni ndege. Hao mimi nimewaachia matunda ya kileleni.

Baada ya mavuno pogoa bila huruma, kwani matunda hutokea kwenye machipukizi mapya. Uchume yakishakuwa meusi na kuanguka yenyewe mkononi, na uyale siku hiyo hiyo au uyapike jemu, kwa sababu hayakai. Panda mbali na kamba ya kuanikia nguo, na watoto wavue sare za shule kwanza: doa lake halitoki kwa sabuni yoyote niliyojaribu.