Ukifika Ugenini, Anzia Sokoni

Wahenga walituambia tembea uone. Siku hizi wengi wetu tunatembea bila kuona. Tunapanda basi Dar es Salaam alfajiri, tunasinzia au kutazama filamu njia nzima, na usiku tunashuka Mbeya tukiwa hatujui tulipopita. Ukimuuliza abiria wa namna hiyo Iringa pakoje, atakujibu kuwa pana baridi. Jibu hilo angeweza kulitoa hata asingesafiri.

Maoni yangu ni kwamba mtu anayetaka kuijua sehemu ngeni aanzie kwenye soko lake la mazao. Soko hilo laweza kuwa la kila siku mjini, au gulio la kijijini linalofanyika siku maalumu ya juma. Kuingia humo ni raha, na raha hiyo ina elimu ndani yake.

Tuichukue barabara hiyohiyo ya Mbeya iwe mfano wetu. Ukishavuka Hifadhi ya Mikumi na kuendelea mbele, unafika Ruaha Mbuyuni. Hapo ni bondeni, jua ni kali na mibuyu imetapakaa pande zote, lakini maji ya mto yapo na wakulima wanamwagilia. Ndiyo maana pembeni mwa barabara unaona vitunguu vingi namna ile. Basi linapanda Kitonga kwa kona zake, na ukifika Ilula joto limepungua na nyanya zimejaa kwenye matenga. Ukikata kushoto pale Uyole kuelekea Tukuyu, unakuta viazi mviringo vya nyanda za juu, kisha mikungu ya ndizi, maparachichi na mashamba ya chai, kwa sababu mvua ni nyingi na udongo ni wa volkano ya Mlima Rungwe. Ukiteremka hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, joto linarudi na unakutana na kakao na mchele unaonukia kabla haujapikwa.

Mwalimu wa Jiografia anaweza kutumia vipindi kadhaa kueleza uhusiano kati ya mwinuko, mvua, udongo na kilimo. Barabara hii inaueleza katika safari moja, tena somo lenyewe unaweza kulila.

Jambo la pili ni watu. Sokoni mgeni hahitaji kutambulishwa na mtu. Ukisema "kamwene" kwa mama wa Kihehe, au "ndaga" kwa mama wa Kinyakyusa, uso wake unabadilika kabla hujauliza bei. Atakuonjesha parachichi, atakufundisha ndizi ipi ni ya kupika na ipi ni ya kuiva, na mkielewana atakuongezea moja juu ya fungu bila kuombwa. Humo ndimo utakamojifunza vipimo ambavyo havimo katika kitabu cha Hisabati: fungu, sado, debe, tenga. Kuelewana bei ni mazungumzo, na mwenye ulimi mzuri hunufaika kuliko mwenye sauti kubwa.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo zito zaidi, ni haki. Mlaji wa mjini hulijua tunda kwa bei yake tu. Aliyesimama gulioni huona pia jinsi bei hiyo inavyojengwa: mkulima, dalali, ushuru, usafiri, na mzigo unaooza njiani. Huona pia lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, huku mkulima akilipwa kama ameuza gunia moja la kawaida. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza ufungashaji wa namna hiyo, na Wakala wa Vipimo hupita kuwaelimisha wakulima na kuwachukulia hatua wakosaji. Hata hivyo, mkulima mwenye deni la mbolea na lori linalomsubiri hana nguvu ya kubishana. Ukishaliona hilo kwa macho yako, swali la Biashara kuhusu wafanyabiashara wa kati halitakuwa tena swali la kukariri.

Wapo watakaopinga. Watasema masoko yetu yana matope na msongamano, vibaka hawakosekani, na basi halimsubiri mtu. Hoja hizi ni za kweli. Lakini matope ni sababu ya kuzidai halmashauri zijenge masoko bora kwa ushuru zinaoukusanya. Si sababu ya kuwakimbia wauzaji. Fedha ziweke mfuko wa ndani, chukua kiasi kidogo mkononi, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na kama basi haliruhusu, usinunue kwa kukimbizana dirishani. Fika uendako, lala, kisha asubuhi yake nenda sokoni kwa miguu.

Nina angalizo moja. Kumbana hadi shilingi ya mwisho mama aliyebeba mkungu kichwani tangu alfajiri, kisha kwenda kujisifu kwamba umempata, si ujanja. Lipa bei ya haki. Methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone inatimia pale mgeni anapofungua mkoba wake kwa heshima.

Nasema haya nikijua ninasema na nani. Miongoni mwenu mnaosoma kitabu hiki, wapo ambao daftari zao, sare zao na nauli zao zimetoka kwenye meza ya nyanya. Wengine huona haya wanafunzi wenzao wakiwakuta siku ya gulio wakimsaidia mama kupanga mafungu. Sioni sababu ya haya hiyo. Mama huyo anajua hesabu za faida na hasara, anajua msimu wa kila zao, na anajua kuzungumza na mtu asiyemfahamu. Mgeni anayesimama mbele ya meza yake, akasalimia, akauliza na kununua, anamwonyesha mtoto wake kwamba kazi ile ina thamani.

Mtihani wenu utamalizika Novemba na matokeo mtayasubiri hadi Januari. Wengi mtatumwa kwa shangazi, kwa mjomba au kwa kaka aliyehamia mkoa mwingine. Ukifika, uliza siku ya gulio ni ipi. Nenda mapema kabla jua halijawa kali, uliza zao limetoka shamba gani na linapikwaje, kisha nunua hata fungu moja umpelekee mwenyeji wako.