Menyu Ijue Mwenyewe, Namba ya Siri Ibaki Yako

Kuanzia stejini Dabaso hadi kwa wauza kaa wa Mida Creek, kulipa kwa simu si jambo geni. M-PESA ilianza Kenya Machi 2007. Hata hivyo bado utamwona mama akimpa kijana simu yake, "Hebu nitumie hizi, mwanangu," kisha anamtajia namba ya siri mbele za watu.

Wengine husema mama huyo hajasoma. Mimi sikubali. Kuna watu wanaosoma SMS vizuri tu, lakini menyu inawapoteza.

Menyu ni kama kibao cha barabarani. Ukitoka Malindi usione kibao pale Gede, utaipita njia ya Watamu. Kwenye simu ya kabambe kibao chenyewe ni kidogo: ujumbe mmoja wa USSD, kama ule wa *334#, hauzidi herufi 182. Yasiyoenea husukumwa ukurasa wa pili. Kwa hivyo nafasi za juu ziwe za kutuma, kutoa na kulipa. Mikopo na ofa zisubiri chini.

Tena, sisi wenye kampuni tusibadilishe mpangilio ovyo. Wateja wengi hawasomi orodha, wameshika namba kichwani: moja, kisha mbili. Ukihamisha mstari mmoja tu, mtu atajikuta mahali ambapo hakutaka kwenda, na pesa iko njiani.

Nawe mteja, una sehemu yako:

- Chagua lugha unayoielewa.
- Jizoeze kwa kuangalia salio. Hapo humtumii mtu pesa.
- Jua tofauti. Till inataka namba ya duka na kiasi. Paybill inataka namba ya biashara pamoja na namba ya akaunti, kwa mfano ya mita ya stima.
- Ukipotea, rudi nyuma au kata uanze upya. Pesa haiendi kabla hujaweka namba ya siri.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kukubali. Ukimtumia mtu mwingine kimakosa kwa M-PESA, peleka ule ujumbe kwa 456 mara moja.

Kuuliza si ujinga. Muulize kijana akuonyeshe njia, lakini simu ishike wewe. Akikwambia "nipe PIN nikusaidie haraka," mwambie asante, utabonyeza mwenyewe polepole.