Mwanafunzi mwenye kisukari asijifiche kujidunga sindano

Siku ya kufungua shule za bweni ina desturi zake. Wanafunzi hupanga foleni langoni, masanduku yakafunguliwa mbele ya mwalimu wa zamu, na kila kilichopigwa marufuku kikatolewa: simu, mikate, biskuti, sukari, juisi. Nami ni mmoja wa waliowahi kusimama langoni hapo. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, nilimnyang'anya msichana wa kidato cha pili paketi mbili za biskuti na kopo la glukosi, nikamkemea kwa kudhani kwamba sheria haimhusu. Chini ya sare zake nilikuta mabomba ya sindano yaliyofungwa kwa leso. Nilimtazama kwa jicho ambalo hadi leo ninalionea haya. Hakunijibu neno. Alinikabidhi barua ya daktari, nami nikaitia mfukoni bila kuisoma.

Siku ya nne, chakula cha mchana kikiwa kimechelewa, alianguka darasani. Alikuwa akitetemeka na kutokwa na jasho, maneno yake hayaeleweki. Wenzake walidhani ni kifafa. Mwalimu mmoja akanong'ona kuhusu mapepo. Aliyemwokoa ni mpishi wetu, ambaye mamake alikuwa na kisukari. Aliona kwamba mtoto bado anaweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Baada ya robo saa hivi msichana aliketi, akauliza kama alikuwa amewasumbua watu. Mimi niliyesomea ualimu kwa miaka mingi sikujua alichokijua mpishi, na biskuti za yule mtoto zilikuwa zimefungiwa katika kabati langu.

Tuanze basi na lile ambalo kila mwalimu yampasa kulijua. Kisukari kinachowapata watoto wengi, kile cha aina ya kwanza, hakiletwi na peremende wala uzembe wa wazazi. Kinga ya mwili yenyewe hugeuka ikaziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na pasipo insulini chakula hakiwezi kuingia mwilini kikafanya kazi yake. Sukari hurundikana katika damu ilhali mwili una njaa. Mtoto hukonda, hunywa maji pasi na kiasi, hukojoa usiku kucha. Kabla ya mwaka wa 1922 aliyeugua hivyo alikuwa akingojea kifo tu. Mnamo Januari mwaka huo, mjini Toronto nchini Kanada, kijana Leonard Thompson mwenye umri wa miaka 14 alidungwa insulini iliyotokana na utafiti wa Frederick Banting na wenzake, akapata ahueni. Tangu hapo ugonjwa huu haukupata tiba ya kuung'oa, lakini ulipata njia ya kuishi nao. Anayemwambia mzazi aache insulini ajaribu mizizi au maombi peke yake anamchimbia mtoto kaburi.

Insulini haimezwi kwa sababu tumbo huisaga kama linavyosaga nyama na maharagwe. Ndiyo maana sindano haikwepeki. Linaloweza kuchaguliwa ni aina ya insulini na namna ya kuitumia, na hapa ndipo daktari, mzazi na mwalimu wanapokutana, ingawa mara nyingi mwalimu hajui kwamba amealikwa.

Msichana wangu alikuwa akitumia ile iliyochanganywa, ya kasi na ya mwendo wa kati katika chupa moja, mara mbili kwa siku: kabla ya kiamshakinywa na kabla ya chajio. Ni nafuu kwa bei na sindano zake ni chache. Lakini ikishaingia mwilini haimngoji mtu. Sehemu yake ya mwendo wa kati hupamba moto baada ya muda wa saa 4 na zaidi. Aliyejidunga saa kumi na mbili asubuhi basi huanza kuzidiwa na nguvu zake kati ya mapumziko ya saa nne na adhuhuri. Asipokula kitu mapumzikoni, au gwaride likarefushwa, au mgeni wa heshima akaendelea kuhutubu hadi saa nane ilhali githeri inapoa jikoni, sukari ya mtoto huyo hushuka. Kwetu sote kuchelewa kwa chakula ni manung'uniko. Kwake ni hatari ya kuzirai.

Ipo njia nyingine, ya kudunga insulini ya mwendo mrefu mara moja kwa siku, kisha ile ya kasi kabla ya kila mlo. Njia hii huiga kazi ya kongosho kwa karibu zaidi, na humpa mtoto uhuru wa kuchelewesha mlo au kula zaidi siku ya sherehe. Gharama yake ni sindano 4 au zaidi kwa siku na kupima sukari mara kwa mara kwa tone la damu, na vibanzi vya kupimia si vya bure kwa wengi wetu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza insulini mpya za mwendo mrefu katika orodha yake ya dawa za lazima. Lakini kuingizwa katika orodha ya Geneva na kupatikana katika duka la dawa la mashambani ni mambo mawili. Kuna kalamu za insulini, zilizo rahisi kubeba na zisizotisha kama bomba. Kuna pampu inayoitiririsha insulini chini ya ngozi mchana na usiku. Kuna na vihisi vya kubandika mkononi vinavyoonyesha sukari bila kutoboa kidole, ila vingi husomwa kwa simu, na simu, kama nilivyosema, huishia katika kabati la mwalimu wa zamu.

Wapo wanaodai kwamba pesa zikipatikana mambo yatakuwa shwari. Sikubaliani nao kikamilifu. Mwaka wa 1993 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu 1,441, vijana wa kuanzia miaka 13 na watu wazima. Waliotibiwa kwa sindano nyingi au pampu, huku wakipima sukari kila siku, walipunguza sana madhara ya macho, figo na mishipa. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Lakini watu hao hao walipatwa na hali ya kushuka kwa sukari, ile mbaya ya kuhitaji msaada wa mtu mwingine, karibu mara 3 zaidi ya wenzao. Mtu mwingine huyo shuleni ni nani, kama si mwalimu au jirani wa kitanda cha bweni?

Hata hivyo nisisikike nikisema kwamba mtoto wa maskini aridhike na dawa ya kale. Ana haki ya kupewa iliyo bora. Ninachokataa ni kumngojea waziri alete kalamu na pampu huku tukimnyima mtoto kikombe cha uji saa nne.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilipomwomba radhi yule msichana ndipo nilipojua mengine. Alikuwa akijidunga msalani, gizani, kabla ya wenzake kuamka, maana mmoja wao aliwahi kumwita mla dawa za kulevya. Kabla ya chajio, msala ulipojaa watu, hakujidunga kabisa. Chupa yake ilikuwa katika friji ya ofisi, ufunguo wake ukiwa na matroni, na matroni Jumapili huenda kwao. Isitoshe, chupa moja ilitiwa kwenye sehemu ya barafu kwa nia njema. Na insulini ikiganda imeharibika. Hakuna daktari aliyeyajua hayo. Katika daftari lake la kliniki iliandikwa tu kwamba sukari haijadhibitiwa, naye akahimizwa awe mtoto mwenye bidii.

Suala la friji lisitutishe mno. Chupa ambazo hazijafunguliwa zahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, lakini ile inayotumika huweza kukaa nje kwa wiki kadhaa kivulini. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza hali ya joto katika kambi ya Dagahaley, kaunti ya Garissa, inayopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyowekwa katika joto la namna hiyo kwa wiki 4 ilibaki na nguvu sawa na ya friji. Hiyo si ruhusa ya kuianika juani. Lakini chupa anayoitumia mtoto yaweza kukaa karibu naye, mahali penye kivuli.

Ninayoyaomba kwa wakuu wa shule hayahitaji bajeti mpya. Barua ya daktari isomwe langoni. Biskuti na glukosi za mwanafunzi huyo ziruhusiwe, hata katika chumba cha mtihani na uwanjani. Apewe chumba safi chenye mwanga cha kujidungia, na ruhusa ya kwenda haja bila kuhojiwa, maana sukari ikipanda hukojoa sana. Walimu wawili au watatu, pamoja na rafiki atakayemchagua mwenyewe, wafunzwe dalili za sukari kushuka: maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari kwa anayeweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15, asiachwe peke yake. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitalini.

Kisha aulizwe yeye mwenyewe. Yule msichana, daktari alipomuuliza hatimaye kama angependa sindano nne badala ya mbili, alisema hapana. Alitaka zile mbili zake, mradi mlo uje kwa wakati na asirudi tena msalani. Mkuu wa shule alimpa chumba kilichokuwa stoo ya ramani za jiografia, na ufunguo akabaki nao mwenyewe.