Nani amehesabu samaki wa mito yetu?



Sote tumesikia habari ya mfupa wa Ishango. Jean de Heinzelin aliuchimba mwaka 1950, pale Semuliki inapotoka Ziwa Edward, na leo uko Brussels. Watu wakiutaja wanazungumzia tu zile alama zilizochongwa juu yake, kwamba babu zetu walijua hesabu. Sawa. Lakini pale pale kulipatikana pia vyusa vya mifupa na mabaki ya samaki. Na Katanda, mbele kidogo kwenye mto huo huo, wachimbaji walipata vyusa vya miaka kati ya 80,000 na 90,000, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Wanaochunguza mambo hayo wanafikiri wavuvi wale walijua majira ambayo kambale anapanda kutaga mayai, na walikuja kumngojea. Bila diploma, bila projekti, walijua mto wao.

Sasa siye wa leo tuulizane. Kimemi iko na aina ngapi za samaki? Mususa je? Talihya? Butahu inayoshuka Ruwenzori? Kalau pale Beni? Tungefurahi sana mtu atuonyeshe karatasi moja, yenye tarehe, mahali na majina, inayojibu hata mto mmoja tu.

Wengine watasema: watu wanakufa, nyinyi mnaleta habari ya samaki! Tunaelewa hasira hiyo. Tangu Oktoba 2014 tumezika watu wengi mno, na siye njo wa kwanza kuandika majina yao. Lakini mtu aliyebaki hai anakula nini? Anakunywa maji gani? Mto ukifa, hakuna mwenye silaha atakayetangaza kwamba ameuua. Unakufa kimya, na kama hakuna aliyeandika ulivyokuwa, hakuna atakayeshitakiwa.

Angalieni pahali tunapoishi. Mvua inayoanguka kwenye milima yetu inagawanyika. Maji mengine yanashuka mashariki, yanaingia Semuliki na Ziwa Edward, yanafika Ziwa Albert, halafu Nile, mpaka bahari ya Misri. Mengine yanaenda magharibi, msituni, yanaingia Ituri, halafu mto Kongo, mpaka Atlantiki. Mtu anaweza kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa pikipiki kabla ya saa sita. Samaki hawezi. Njo maana samaki wa pande hizo mbili ni dunia mbili tofauti, na siye tunakaa katikati kabisa. Wanasayansi kutoka mbali wanapanda ndege kuja kutafuta pahali kama hapa.

Na hata ndani ya upande mmoja kuna ukuta. Kati ya Ziwa Edward na Ziwa Albert, Semuliki inapita kwenye maporomoko. Kapitani anayeliwa Kasenyi na Tchomia hapandi kufika Kyavinyonge. Kwa hiyo Ziwa Edward limebaki na samaki wake: tilapia, bagrusi, kambale, mamba, na jamaa kubwa ya samaki wadogo ambao Uganda na Tanzania wanawaita nkejje au furu. Wengi wa hao wadogo hawapatikani pahali pengine popote duniani. Tukumbuke Ziwa Victoria: miaka ya 1950 walileta kapitani kutoka nje, na baada ya miaka thelathini hivi aina nyingi sana za furu zilikuwa zimepotea. Ndoo moja ya vifaranga vya kapitani ikimwagwa Kyavinyonge na mtu anayefikiri anasaidia wavuvi, hasara hiyo hairudishwi. Lazima mtu wa kawaida ajue hilo. Atalijua wapi kama halifundishwi?

Habari zenyewe zipo, ila haziko kwetu. Mbelgiji Damas alikuja kwenye maziwa haya mwaka 1935 na 1936. Mwaka 1939 Max Poll aliandika juu ya samaki wa ile iliyoitwa Parc Albert, leo Virunga. Halafu ikaja misheni nyingine kubwa ya maziwa Kivu, Edward na Albert, 1952 hadi 1954. Samaki waliowekwa ndani ya chupa wako Ubelgiji. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Tervuren na Leuven wamerudi kwenye samaki wa Ziwa Edward, wameeleza aina mpya, na mwaka 2020 wamerudishia hadhi samaki mdogo wa mito, Enteromius alberti, ambaye alikuwa amechanganywa na mwingine. Kazi nzuri, hatuna ugomvi nayo. Ila safari zao za kukusanya zilifanyika zaidi upande wa Uganda. Sehemu kubwa ya ziwa hilo iko Kongo! Upande wetu, mtafiti anaogopa kulala kando ya maji, na hatumlaumu.

Hata Ruwenzori yenyewe iko na samaki wake. Mwaka 1909 Jacques Pellegrin wa Paris alimpa mmoja jina la mlima wetu, ruwenzorii. Zaidi ya miaka mia moja sasa. Ni vijana wangapi wa Mutwanga wanajua kwamba kuna samaki anayebeba jina la mlima wanaouona kila asubuhi?

Tuseme jambo moja la kazi, ili msifikiri hii ni mapenzi ya makumbusho. Kuna samaki mkubwa wa jamaa ya barbus, Labeobarbus altianalis, Waganda wanamwita kisinja. Anakaa ziwani, lakini wakati wa kutaga anapanda mito. Anatafuta changarawe safi, maji yanayokimbia, yenye hewa. Mayai yanakaa kati ya vijiwe. Sasa mlima ukilimwa mpaka ukingoni, udongo wote unashuka na mvua, unafunika changarawe, mayai yanakosa hewa. Kule ziwani mvuvi anarusha wavu, unarudi mwepesi, anasema ni laana ao ni Waganda. Kumbe tatizo lilianza kilomita nyingi juu, kwenye shamba la mtu ambaye hata ziwa hajaliona. Na mvuvi naye akichukua chandarua cha malaria kuvulia vifaranga, anamalizia kilichobaki. Wote wawili hawana ubaya moyoni. Hakuna aliyewakutanisha na kuwaonyesha huo mto kutoka juu mpaka chini.

Ni vile vile na baraji. Umeme tunautaka, tumeuandamania, na maji ya Ruwenzori yanatoa umeme Mutwanga tangu 2013. Lakini sheria ya mazingira ya Julai 2011 inaomba uchunguzi wa athari kabla ya kazi kubwa kama hizo. Uchunguzi usiojua samaki gani wanapanda na wanapanda mwezi gani ni karatasi ya kupigia mihuri tu. Ukijua, unaweza kuacha njia ya samaki, ao kufungua maji majira fulani. Usipojua, unafunga tu.

Kisangani wameonyesha inawezekana. Mwaka 2010 wanasayansi wa Kongo na Ubelgiji walipanda mto kwa mashua katika msafara walioupa jina la Kilingala, Boyekoli Ebale Congo. Baada ya hapo Kisangani ilipata kituo chake cha kufuatilia viumbe, chenye mahali pa kuhifadhi samaki pale pale. Mwanafunzi wa Kisangani anaweza kufungua chupa na kuangalia. Wa Butembo anaangalia picha kwenye simu, kama kifurushi hakijaisha.

Siye tunaomba nini? Kwa viongozi wa jimbo na wa miji: kabla ya ruhusa yoyote ya baraji, daraja, machimbo ya mchanga ao dhahabu kwenye mto, samaki wa mto huo wahesabiwe, juu na chini ya kazi, kiangazi na masika, na matokeo yasomwe mbele ya wakaaji kwa Kiswahili na Kinande. Si kwa Kifaransa cha kurasa mia mbili. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na inamwambia ni wajibu wake kuyatetea. Hatuwezi kutetea kitu tunachofichwa. Kwa wageni wanaokuja kukusanya: Kongo iko ndani ya Itifaki ya Nagoya, kwa hiyo mkichukua samaki kumi, wengine wabaki kwenye chuo cha huku, na jina la mvuvi aliyewaonyesha liandikwe. Kwa UCG, kwa Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori, kwa Kasugho: mpeni hata mwanafunzi mmoja kila mwaka mto mmoja kama kazi yake ya mwisho. Butembo peke yake ina vijito vya kutosha miaka ishirini.

Na wewe unayesoma hapa, Jumamosi ya salongo tukienda kutoa takataka Kimemi, kuja na daftari. Uliza wazee wa kartie yako walivua nini pale wakiwa watoto, majina kwa Kinande, sehemu gani, mwaka gani kwa kukisia. Piga picha ya samaki yeyote utakayemwona, weka rula ao kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, halafu umrudishe majini. Andika tarehe na jina la daraja lililo karibu. Mzee akisema "hapa hapana samaki tena tangu zamani", andika hilo pia, na muulize ni tangu lini.